Kijungu Nilichokiosha kwa Ndimu

Tuelewane mapema: mie si mtu wa kuona mauzauza. Nina miaka sabini na ushei, sijapata kupagawa, sijapata kupungwa pepo, na ndoto zangu ni za kawaida tu, naota nimesahau sufuria motoni au nimepoteza kiatu kimoja harusini. Kwa hiyo hiki ninachokueleza usikitie kwenye fungu la hadithi za kulazia watoto. Kimenitokea mie, nimekiona kwa macho haya ambayo mwaka mmoja kabla yake nilitolewa mtoto wa jicho yote mawili, kwa hiyo usiniambie sikuona vizuri. Tena ilikuwa mchana kweupe, Ijumaa, jua limesimama kichwani.

Nimezaliwa Unguja, Malindi, nikaja Oman msichana, baibui langu la kwanza hata sijalizoea. Nyumba yangu iko Ibra. Mume wangu keshatangulia mbele ya haki, wanangu wametawanyika, huyu Maskati, yule Nizwa, na aliyebaki kunihangaisha ni Shamsa, binti wa binti yangu. Shamsa kasoma chuo kikuu mambo ya watu wa kale. Nilimuuliza, mtu na akili zake atapata kazi gani kwa kusoma maiti? Akanijibu, "Bibi, wewe ngoja tu." Kiswahili chake cha kubabaisha, maskini, kila kitu kwake ni "hii", lakini akiniita Bibi moyo wangu unalainika, basi namsamehe hata hizo "hii" zake.

Mwaka huo akapata kazi ya msimu na Wataliana waliokuwa wakichimbua kijiji cha kale nje ya Ibra, kando ya wadi, lile bonde la mto mkavu. Mkubwa wao alikuwa mzee wa Roma, mwembamba, kofia kubwa, Kiarabu chake cha vitabuni. Sote tukimwita Daktari. Walikodi nyumba ya udongo hatua chache na mashimo yao, wakataka mpishi. Shamsa akanitaja. Nikasema abadan, mie siendi kupikia watu uzeeni. Baada ya siku tatu nilikuwa jikoni kwao napanga masufuria yangu mwenyewe, maana yao yalikuwa hayatazamiki.

Nilidhani wanatafuta dhahabu. Kumbe wanatafuta takataka! Majivu, mifupa ya samaki, kokwa za tende, vigae vya mitungi iliyovunjika. Kila kitu wanakipima, wanakipiga picha, wanakitia mfukoni na kukiandikia. Nikawaona wendawazimu. Lakini Daktari alikuwa na tabia moja nzuri, wakati wa chakula cha mchana alikuwa akitusimulia habari za Warumi, na mie nilikuwa nasimama mlangoni na mwiko mkononi, nasikiliza mpaka mchuzi unashika chini.

Si habari za wafalme, hapana. Alisema kuna mji uliofunikwa na majivu ya mlima, walipouchimbua wakakuta mkate umo tanuuni, umekatwa alama za vipande vinane, unasubiri kuepuliwa. Wakaingia katika mtaro wa choo, wakajua watu wa nyumba zile walikula nini: tini, mayai, samaki wadogo wadogo. Ukutani watu waliandika upuuzi wao, nani anampenda nani, nani mwizi. Wakakuta na kitanda cha mtoto mchanga, cha kubembelezea. Hapo nilirudi jikoni, nikajifanya nakatakata vitunguu. Nilidhani Warumi ni watu wa masanamu ya mawe tu, kumbe walikuwa wakiunguza mikate na kubembeleza watoto kama sie.

Na watu wa kijiji kile cha Ibra, alisema, waliishi zama zile zile za Warumi. Ushahidi wake kishanga kimoja cha kioo, buluu, alichosema kimetoka nchi za Warumi na kupita mikono mingi mpaka kufika hapa. Lakini mie kishanga hakikunishughulisha. Kilichonishughulisha ni jiko lao. Siku ya kwanza Shamsa aliponishika mkono akanipeleka shimoni, nikaona mafiga matatu yamekaa pale pale yalipoachwa, la nyuma limeegemea ukuta, na udongo katikati umeungua mwekundu. Mafiga kama ya bibi yangu! Wallahi nilitamani kuinama nichochee moto.

Sasa ndipo kikaonekana kijungu.

Kilikuwa kidogo, kinakaa kiganjani, cha udongo, kina mpini mmoja na ubavuni kina mdomo mwembamba kama wa buli. Alikipata Shamsa mwenyewe, jirani na mafiga. Wenziwe wakasema taa ya mafuta. Mwengine akasema cha kumiminia manukato. Shamsa akanionyesha jikoni, kimezungukwa na udongo bado. "Bibi, hii nini hii?"

Sikufikiri hata kidogo. Nikamwambia, "Hiki cha mtoto. Cha kunyweshea maziwa."

Nilijuaje? Kabatini kwangu Ibra lipo buli dogo la bati, la rangi nyeupe, limebanduka mdomoni. Mama yangu alikuja nalo kutoka Unguja. Nilipokuwa na miaka sita alizaa mtoto wa kiume, na ziwa likamvimba, likafanya jipu, mtoto akawa hawezi kunyonya. Mama akamnywesha maziwa ya mbuzi kwa buli lile, kitambaa safi kimefungwa mdomoni. Mtoto hakufika siku arubaini. Mama yangu hakupata kutia chai katika buli lile maisha yake yote, na hakukubali kuliacha. Kwa hiyo usiniambie habari za taa. Najua mdomo wa chombo cha mtoto.

Shamsa akaenda akasema mbele ya wote, Daktari akiwepo: hiki ni chombo cha mtoto, bibi yangu kasema. Nilikuwa mlangoni, nikatamani ardhi inimeze. Vijana wengine wakatabasamu. Daktari hakutabasamu. Alisema Roma vijungu kama vile viko vingi, vimekutwa makaburini pamoja na watoto wachanga, na watu walibishana miaka na miaka kama ni taa au ni vya maziwa, mpaka walipochunguza uchafu wa ndani wakakuta maziwa. Akamwambia Shamsa, "Bibi yako anaweza kuwa amesema kweli. Lakini ukweli wake umo ndani ya udongo huo. Usikiguse. Ikiwa mna maziwa, utakuja Roma mwaka mzima, utayasoma mwenyewe katika maabara yetu."

Mwaka mzima Roma! Shamsa hakulala usiku ule. Kijungu kikafungwa karatasi ya foili, kikawekwa rafuni peke yake. Daktari akaenda Maskati kwa shughuli zake, kurudi Jumamosi jioni. Jumapili mashimo yalikuwa yafukiwe, msimu umekwisha.

Na sasa ngoja nikwambie nilichokifanya, na usinitukane, nishajitukana vya kutosha.

Kazi yangu nyengine pale ilikuwa kuosha vigae. Vile vya kawaida, vya kujaa ndoo, napewa beseni na brashi. Alkhamisi nikaambiwa watakuja wageni asubuhi ya Jumamosi kutazama vilivyopatikana. Nikaanza kusafisha nyumba. Nikafika rafuni, nikaona foili imefunguka, imekunjuliwa ubavu mmoja. Nikasema moyoni, basi, washachukua uchafu wao. Nikakitazama kijungu, kimejaa matope mdomoni. Chombo cha mtoto! Waje wageni wakione vile? Watasema nini, nyumba hii haina mwanamke?

Mtu wa Unguja hawezi. Nikakichukua, nikakisugua ndani na nje kwa majivu na kipande cha ndimu, nikapitisha kijiti mdomoni mpaka kikatoka upande wa pili, nikakisuuza maji matatu. Kisha, kwa kuwa kilikuwa kinanuka ukale, nikakifunika juu ya chetezo nikakifukiza udi na ubani, kama tunavyofukiza vikombe vya maji. Kikatoka kinameta. Nikakirudisha rafuni, nikajipongeza.

Shamsa akaingia magharibi. Akanusa kabla hajaona.

"Bibi. Nani kaosha hii?"

Nikamwambia ni mie. Yeye mwenyewe alikuwa kaifungua foili ile mchana kupiga picha, akaitwa shimoni kwa haraka, akasahau kuifunga. Hakunipigia kelele. Natamani angepiga. Alikaa chini kizingitini, kijungu mapajani, akakipapasa ndani kwa kidole, safi. "Khalas, Bibi," akasema. "Mushkila hamna. Khalas." Akaingia chumbani akafunga mlango, na mie nikasikia analia kwa kuziba mdomo na mto, kusudi nisisikie.

Umepata kumharibia mtu unayempenda kwa wema wako mwenyewe? Hakuna maumivu kama yale. Ukimkosea mtu kwa ubaya, utatubu. Hili utalitubia vipi?

Ijumaa asubuhi nikanunua maziwa ya mbuzi kwa mama mmoja jirani, nikakusudia kumpikia Shamsa uji wa mchele, labda atakula. Hakula. Nikafagia ua, nikanyunyiza maji vumbi lilale. Wanaume wakaenda kuswali wakarudi, watu wakala, wakaingia majumbani. Unazijua saa za kailula huku kwetu, saa za usingizi wa mchana. Hapiti mtu, hapiti gari, hata mbuzi wanaingia kivulini wakanyamaza. Shamsa kalala na kichwa kinamuuma. Mie nimekaa jikoni, chini, kijungu changu cha aibu mbele yangu kwenye sinia.

Ndipo mlango wa ua ukagongwa. Taratibu, mara tatu.

Nikafungua. Mwanamke kasimama juani, kijana, kavaa nguo ya rangi ya nili iliyopauka, kichwa kafunika, na kifuani kabeba kitoto kichanga kwa mbeleko. Nikasema moyoni, huyu wa milimani, wa wachunga mbuzi. Lakini, nisikufiche, na mie ni mtu wa Unguja: jambo la kwanza nilitazama miguu. Saa za kailula, mgeni asiyejulikana, lazima utazame kama ni kwato. Hazikuwa kwato. Ilikuwa miguu ya mtu, ina vumbi, visigino vimepasuka kama vyangu. Nikaona haya. Nikamwambia, "Ahlan, karibu, ingia kivulini."

Alisema neno. Kiarabu, si Kiarabu, sikuwahi kusikia lahaja ile, maneno mafupi mafupi, lakini neno la maziwa nililifahamu, na lingine lote nililisoma kwa mtoto. Kilikuwa kimekonda, macho yamezama, kinafungua mdomo kulia na sauti haitoki. Nikamwona mama yake anavyojishika kifua upande mmoja, kwa uchungu. Yaa Latif. Jipu la ziwa.

Sikuuliza tena kitu. Nikapasha maziwa, nikayapoza, nikatafuta chupa ya mtoto. Nyumba ya wasomi, chupa ya mtoto itoke wapi? Kuna vikombe vya kahawa na chupa za dawa za kusafishia vigae. Kitoto kinataka kunywa sasa hivi. Nikakitazama kijungu kwenye sinia. Nikasema, wewe nishakuharibu, hufai tena kwa kina Daktari, basi fanya kazi yako. Nikamimina maziwa.

Nilitaka kumnywesha mie. Yule mwanamke akakichukua mkononi mwangu, na hapo, nakwambia, mwili wangu ukasisimka kabla akili haijaelewa. Alikishika kama mtu anayeshika ufunguo wa nyumba yake. Kiganja kafunika juu, kidole gumba kakitia pale penye kibonyeo karibu na mpini, kile kibonyeo ambacho Shamsa na wenziwe waliandika kuwa ni kosa la mfinyanzi. Kidole kikakaa sawasawa. Akakiinamisha, akaonja tone moja mdomoni mwake, kisha akamtia mtoto.

Mtoto akavuta. Akapaliwa, akakohoa, akavuta tena. Nikalisikia koo lake dogo, gulu, gulu, gulu. Nimepata kusikia sauti nyingi nzuri duniani, kama ile sijasikia. Sote wawili tukacheka kwa pamoja, kama watu wa nyumba moja.

Kitumbo kilikuwa kigumu, kimejaa upepo. Nikafanya kama alivyofanya mama yangu, na bibi yangu kabla yake: nikatoa mvuje wangu, ule utomvu mkavu wa dawa, kwenye kikopo. Utanicheka, popote niendapo natembea na mvuje. Nikachana ncha ya kanga yangu, nikafunga kidonge cha mvuje ndani yake, nikakifunga mkononi mwa mtoto, hasadi na upepo vimwepuke. Yule mama akanusa, akakunja uso, akageuza kichwa. Kila mtu anafanya hivyo mara ya kwanza, mvuje unanuka, nani atabisha? Halafu akaurudia, akanusa tena, akacheka.

Mkononi mule mule mwa mtoto nikaona kamba yenye vishanga vya kioo. Vya buluu. Hata hapo sikufahamu, au niseme sikutaka kufahamu.

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote, kwa Kiswahili, mtu hanijui simjui. Nikamwambia habari za Shamsa, na Roma, na ndimu yangu na ubani wangu, na kwamba mjukuu wangu alisimama mbele ya watu akasema bibi yangu kasema, na mie nikamfanya mwongo. Aliniacha nimalize. Huku anampigapiga mtoto mgongoni apate kucheua. Sijui alielewa nini. Mwanamke anayelia juu ya chombo kilichooshwa, labda hilo halihitaji tafsiri.

Akainuka, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, nataka ulijue hilo. Akanitoa uani mpaka mlangoni, akanionyesha mashimo pale ng'ambo. Akainua kijungu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akainua vidole viwili. Viwili. Akafanya ishara ya kusugua, akaweka kijungu upande. Akafanya ishara ya kunywesha, akaonyesha kule, kwenye mafiga, akachora hewani moja, mbili, tatu, akaligusa la tatu kwa nyuma. Akanitazama kama nimefahamu, mpaka nikaitikia kwa kichwa.

Jamani! Mama gani ana chombo kimoja cha mtoto? Kimoja kiko kwenye kuoshwa, kimoja kiko mdomoni. Nimelea watoto watano, na jambo hilo halikunijia.

Nikamwambia ngoja, usiondoke mikono mitupu, nikampokea kijungu, nikakimbia nacho jikoni kumfungia tende. Nikatoka, uani hamna mtu. Mlango wazi, barabara nyeupe, jua. Ua wangu nilioufagia na kuunyunyiza ulikuwa na nyayo zangu, za kwenda na za kurudi, na hazikuwa na mwenza. Nikarudi jikoni. Kijungu kiko kwenye sinia, kina uvuguvugu, na maziwa kidogo yamebaki chini. Nikaitazama kanga yangu. Ncha imechanika, kipande hakipo.

Nikasoma dua nilizozijua zote. Kisha nikaenda kumgongea Shamsa.

Sikumwambia. Ningemwambia nini, angenipeleka hospitali. Nilimwambia, "Amka, osha uso. Mama yeyote ana viwili. Cha pili kiko nyuma ya figa la tatu, kwenye ukuta."

"Bibi, wewe unajua vipi?"

"Mie mama. Wewe bado hujazaa."

Kesho yake alfajiri, kabla ya wageni, Shamsa alikuwa magotini shimoni na mwiko wa mwashi na brashi, nyuma ya figa la tatu, na mie nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Na nikwambie nilichokuwa nakiogopa. Si kwamba hatakipata. Nilikuwa nayakumbuka maneno ya Daktari, kwamba vijungu vile Roma vinakutwa makaburini, pamoja na watoto. Nilikuwa nasema, Mola wangu, kitoke kijungu, kisitoke kitu kingine.

Saa mbili na nusu Shamsa akaacha kuchimba. "Bibi," akasema polepole. "Iko hapa."

Kimesimama wima kwenye kishimo chake, kimezibwa mdomo kwa udongo, kizima, hakina hata ufa. Akachimba chini yake, akachimba pembeni, huku na huku, mpaka kwenye mwamba. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Nilimuuliza mara mbili, "Una hakika?" Akasema ana hakika. Nikajifunika kanga usoni, na Shamsa akadhani nalia kwa ajili yake.

Aliponyanyua kijungu akakiinamia, akasita, akakunja uso, akageuza kichwa. "Bibi, hii inanuka nini? Kama jikoni kwako."

Nikamwambia akifunge foili upesi, na safari hii akifunge vizuri.

Daktari akarudi jioni. Nikamfuata mwenyewe, nikamwambia kile cha kwanza nimekiosha mie, kwa ndimu, na kwamba Ijumaa kimetiwa maziwa, kwa hiyo asije akajidanganya nacho. Hakuniuliza maziwa ya nani. Alivua kofia, akacheka mpaka machozi, akasema makabati ya Roma yote yamejaa vyombo vilivyooshwa na watu safi kama mimi, na ndiyo sababu ilichukua miaka mingi kujua vilikuwa vya nini. Nikamuuliza jambo moja tu. Huko kwao, kijungu kikikutwa nyumbani, kimefichwa nyuma ya jiko, na mtoto hayupo, maana yake nini?

"Huenda mtoto alikua," akasema. "Mama akakiweka, kwa ajili ya mwengine."

Mtoto alikua. Nimekaa na maneno yale mpaka leo.

Majibu yakaja baada ya miezi kadhaa: maziwa ya mbuzi. Pamoja nayo utomvu wa mmea, wakasema ni wa jamii ya mvuje, na Daktari akaandika ukurasa mzima jinsi akina mama wa zama zile walivyoutumia kwa matumbo ya watoto. Anaweza kuwa na haki, na huenda waliujua kabla yangu. Lakini mie nilimwona yule mama akikunja uso. Anayeujua mvuje hakunji uso.

Shamsa yuko Roma. Ananipigia kila Ijumaa, ananionyesha kwenye simu safu za vijungu vyenye midomo, nyuma ya kioo, vya watoto wa Kirumi. "Tazama, Bibi, hii zote za watoto," na mie namwambia, "Hivi vyote, Shamsa, hivi." Yale ya ule mchana sijamwambia. Atayasikia sasa, kama wewe. Buli la mama yangu nimelitoa kabatini. Kila Ijumaa saa za kailula nalitia maziwa ya vuguvugu, naliweka jikoni karibu na mlango, na mlango siufungi komeo. Maziwa yananywewa. Paka, ndiyo, paka wapo Ibra, najua unachotaka kusema.

Kwa hiyo nakuonya, na onyo langu si la kukutisha. Ukigongewa mlango mchana wa jua kali, watu wote wamelala, inuka ufungue. Akiwa ni mwanamke na kitoto kifuani, usimtazame miguu kama nilivyofanya mie, utajiaibisha bure. Usimuulize katoka wapi, wala katoka lini. Pasha maziwa. Na akishaondoka, nakuomba, nakupigia magoti: chombo alichomnyweshea mwanawe usikioshe.